Kutoka Mafundi wa Kompyuta hadi Walinzi wa Data: Historia ya Ajira za Usalama wa Mtandao na Huduma za Wingu Mjini Kigali Ikitazamwa kutoka Kimironko, 1997–2023

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya ajira za teknolojia mjini Kigali, hasa mahitaji ya wataalamu wa usalama wa mtandao na wa huduma za wingu. Hoja yake kuu ni kwamba kwa sehemu kubwa mahitaji hayo yalizaliwa na kanuni za dola zinazoamua data zikae wapi na nani awajibike zikivuja, na kwamba kanuni hizo ziliumba nafasi za juu kabla ya kuwapo ngazi ya kuzifikia. Kimironko imechukuliwa kuwa mahali pa kuitazamia historia hiyo.

1.0 Utangulizi

Kimironko ni umurenge wa Wilaya ya Gasabo, mashariki ya kitovu cha jiji la Kigali. Soko lake linajulikana jijini kote kwa vitenge, matunda na mafundi cherehani. Tangu kadi za Tap&Go zilipoanza kutumika katika mabasi ya Kigali mwaka 2015, abiria wa kituo cha Kimironko, ambacho wakazi hukiita gare kwa neno la Kifaransa, wamezoea kulipa nauli kwa kugusisha kadi kwenye mashine. Kandokando ya soko mawakala wa fedha za simu hufanya miamala tangu asubuhi, na katika vijiduka vya kupiga chapa na kutoa nakala wananchi huombewa vyeti vya kuzaliwa au nafasi za mtihani wa udereva kupitia Irembo, mfumo wa huduma za serikali uliofunguliwa mwaka huo huo wa 2015. Kila mguso wa kadi, kila muamala na kila ombi huacha data mahali fulani. Ni nani anayezilinda, na alipataje kazi hiyo?

Swali hili lina uzito wa pekee hapa kwa sababu ya jiografia. Upande mmoja Kimironko imepakana na Remera. Upande mwingine barabara zake zinaelekea Masoro, penye Eneo Maalumu la Kiuchumi na Jiji la Ubunifu la Kigali, ambako Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kilihamishia tawi lake la Afrika mwaka 2019. Mwenye meza ya nyanya sokoni na mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya uhandisi wanaweza kukaa kiti kimoja ndani ya basi. Katika mji wa namna hii malalamiko mawili husikika kwa pamoja: waajiri husema hawapati wataalamu, wahitimu husema hawapati kazi. Kwa kawaida kila upande hudhani mwenzake anatia chumvi. Makala haya yanadai kuwa pande zote mbili zinasema kweli, na kwamba ukweli huo una chanzo kimoja kinachoweza kufuatiliwa katika nyaraka za umma.

2.0 Mafundi wa mwanzo

Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi, Rwanda ilikuwa imepoteza sehemu kubwa ya walimu, wahandisi na watumishi wake wenye elimu. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Kigali, KIST, ilianzishwa mwaka 1997 katika mazingira hayo. Dira ya 2020 iliyotangazwa mwaka 2000 iliitaja teknolojia ya habari na mawasiliano kuwa mojawapo ya njia za kuitoa nchi katika kutegemea kilimo pekee, na mipango mitatu ya miaka mitano mitano, iliyofahamika kwa kifupi cha NICI, ikaitekeleza dira hiyo kuanzia 2001 hadi 2015.

Kazi zilizotokana na mipango hiyo zilikuwa za mikono kwa maana halisi ya neno. Mtu aliyeajiriwa kuwa fundi wa kompyuta katika wizara au benki alivuta nyaya, alifunga seva katika chumba chenye kiyoyozi, aliondoa virusi na kubadilisha katriji za printa. Kazi hizo zilikuwa duni kimshahara lakini zilikuwa na sifa moja ambayo thamani yake haikuonekana wakati huo: mtu aliweza kuanza bila kujua mengi, akajifunza kwa kuharibu na kutengeneza. Mikongo ya baharini ilipofika pwani ya Afrika Mashariki, SEACOM na TEAMS mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, na mkongo wa taifa wa Rwanda ulipokuwa ukichimbiwa nchini kote, wanagenzi wa aina hiyo walihitajika kwa wingi. Mwezi Februari 2010 MTN Rwanda ilianza huduma ya fedha za simu, na kwa mara ya kwanza mtu asiyekuwa na akaunti ya benki akawa na rekodi ya fedha ndani ya seva ya kampuni.

Inafaa kukumbuka kwamba serikali ililiona tatizo la usalama mapema kuliko waajiri wengi. NICI ya tatu, iliyoanza 2011, iliuweka usalama wa mtandao kuwa mojawapo ya nguzo zake tano, sambamba na ukuzaji wa stadi. Sera ya Taifa ya Usalama wa Mtandao ilifuata mwaka 2015. Hata hivyo sera haiajiri mtu. Taasisi nyingi ziliendelea kuamini kuwa fundi aliyefunga mtandao ndiye pia atakayeulinda, jambo linalofanana na kumwomba mwashi aliyejenga nyumba awe pia askari wa usiku.

3.0 Data zikae wapi?

Mwaka uliobadilisha hali hiyo ni 2017. Mwezi Mei, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Jamii ya Rwanda, RURA, iliitoza MTN Rwanda faini ya faranga zaidi ya bilioni 7 kwa kosa la kuendesha mifumo yake ya teknolojia nje ya nchi kinyume cha masharti ya leseni. Kampuni ilikuwa imehamishia huduma hizo katika kituo chake cha pamoja nchini Uganda. Kwa mtazamo wa kibiashara uamuzi wa kampuni ulieleweka: kundi lenye matawi katika nchi kadhaa huokoa fedha likikusanya seva na wataalamu mahali pamoja. Kwa mtazamo wa mdhibiti, rekodi za mamilioni ya Wanyarwanda zilikuwa zimevuka mpaka bila idhini.

Wachambuzi wengi hulisoma tukio hili kama suala la mamlaka ya nchi juu ya data. Ni sawa, lakini lilikuwa pia suala la ajira, na upande huo haujapewa nafasi unayostahili. Seva inapohamia nchi nyingine, haihami peke yake. Zinahama pia zamu za usiku za kuitazama, mikataba ya kuitengeneza, na kijana anayejifunza kwa kukaa karibu na mhandisi mzoefu. Kituo cha pamoja cha kanda huzalisha wataalamu pale kilipo, na kwingine huacha mawakala na wauzaji. Amri ya kurudisha mifumo nyumbani ilikuwa, kwa athari zake, amri ya kurudisha kazi, ingawa haikuandikwa kwa lugha hiyo.

Mlolongo wa kanuni ulifuata upesi. Sheria ya kuanzisha Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao ilitoka mwaka huo huo wa 2017. Januari 2018 Benki Kuu ya Rwanda ilitoa kanuni za usalama wa mtandao kwa mabenki, zikitaka miongoni mwa mengine kwamba data za msingi za benki zihifadhiwe ndani ya ardhi ya Rwanda. Agosti 2018 ilitoka sheria ya kuzuia na kuadhibu makosa ya mtandao. Mwishoni, Sheria Namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 kuhusu ulinzi wa data binafsi na faragha ikaweka wajibu juu ya karibu kila taasisi inayoshika taarifa za watu. Wanaochakata data walitakiwa kujisajili kwa Mamlaka ya Usalama wa Mtandao. Baadhi yao walitakiwa kuteua afisa wa ulinzi wa data. Uvujaji ulitakiwa kuripotiwa ndani ya saa 48. Na kampuni inayokiuka iliweza kutozwa asilimia 1 ya mapato yake ya mwaka uliotangulia. Taasisi zilipewa miaka 2 ya kujipanga, hadi Oktoba 2023.

Hapa ndipo mwanahistoria wa ajira anapaswa kutua. Wajibu wa saa 48 unaonekana kuwa jambo dogo la kiutaratibu. Lakini ili taasisi iripoti uvujaji ndani ya saa 48, lazima kwanza iujue. Ili iujue, lazima kuwe na mtu anayesoma kumbukumbu za mifumo kila siku. Na ili mtu huyo aelewe anachokisoma, lazima awe amewahi kuona shambulio la kweli. Kifungu kimoja cha sheria kinaweza hivyo kuzaa nafasi tatu za kazi, na zote tatu zinataka uzoefu. Vivyo hivyo afisa wa ulinzi wa data anatakiwa aijue sheria na ayajue mashine, mchanganyiko ambao hakuna kitivo chochote cha nchi kilichokuwa kimeandaliwa kuutoa mwaka 2021.

Vitisho vyenyewe havikuwa vya kubuni. Mwishoni mwa 2019 Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda, RIB, ilitangaza kukamatwa mjini Kigali kwa kundi la watu 12, Wakenya, Wanyarwanda na Mganda mmoja, waliotuhumiwa kujaribu kuingilia mifumo ya benki na kuiba fedha za wateja. Soko la pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambalo itifaki yake ilianza kutumika Julai 2010, liliruhusu wafanyakazi kuvuka mipaka. Wadukuzi nao walilielewa.

4.0 Wingu na ngazi iliyokatwa

Neno wingu limekubalika haraka katika Kiswahili, pengine haraka kupita kiasi. Linaficha ukweli kwamba data za wingu zinakaa ndani ya jengo, juu ya kiwanja chenye hati, karibu na jenereta. Kwa miaka mingi majengo hayo hayakuwa Afrika. Huduma za wingu za Amazon zilianza 2006, lakini kampuni hiyo ilifungua kituo chake cha kwanza barani, mjini Cape Town, Aprili 2020; Microsoft ilikuwa imetangulia kufungua vituo vya Azure Afrika Kusini Machi 2019. Kwa benki ya Kigali, Cape Town ni nchi ya kigeni sawa na Dublin. Matokeo yake yakawa mfumo wa mchanganyiko: data za msingi zibaki nyumbani, na shughuli nyingine zipelekwe winguni kwa idhini. Mchanganyiko huo ni mgumu kuuendesha kuliko kila kimoja peke yake. Mhandisi anapaswa kujua seva iliyo chini ya miguu yake na ile asiyoweza kuigusa, na kujua kisheria kipi kivuke na kipi kisivuke.

Wingu lilifanya jambo jingine kimyakimya. Kazi zile za kuvuta nyaya, kufunga seva na kubadilisha diski zilihamia kwa mwenye jengo la mbali. Kilichobaki kwa mteja ni kupanga mipangilio, kugawa ruhusa na kufuatilia, na kosa moja la ruhusa laweza kuanika rekodi zote kwa dunia. Mwajiri mwenye busara hampi kazi hiyo mtu wa wiki ya kwanza. Kwa njia hiyo teknolojia ile ile iliyoongeza mahitaji ya wataalamu iliondoa kazi ambazo wataalamu walianzia.

Mfano ulio wazi zaidi katika kanda ni wa Andela. Kampuni hiyo ilianzishwa Lagos mwaka 2014 kwa wazo la kuwachukua vijana wasio na uzoefu, kuwafunza kwa malipo, kisha kuwaunganisha na kampuni za nje. Ilienea hadi Nairobi na Kampala, na mwaka 2018 ikafungua kituo Kigali. Septemba 2019 ilitangaza kuwaachisha kazi wahandisi wachanga wapatao 250 nchini Nigeria na Uganda, huku wengine wapatao 170 nchini Kenya wakiwa hatarini. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba wateja sasa walitaka wahandisi wazoefu. Kigali haikutajwa katika hesabu hiyo, lakini sababu iliwahusu wote. Kampuni iliyojengwa juu ya imani kwamba uanagenzi unaweza kulipa ilikuwa imegundua kwamba hakuna mteja aliyetaka kuugharamia.

Tukio la Andela lilitangulia janga la Uviko-19, kwa hiyo haliwezi kuelezwa kwa janga hilo. Linaeleweka vizuri zaidi likiwekwa kando ya kanuni za 2018 na 2021. Mdhibiti alisema: kuwe na mtu wa kuwajibika. Soko lilisema: awe mtu aliyekwisha kuiva. Hakuna kati yao aliyesema atapikwa wapi.

5.0 Kazi isiyo na jina katika takwimu

Mshauri wa sera anayetaka kujua Rwanda, au nchi jirani, ina walinzi wangapi wa mtandao atakutana na kikwazo cha ajabu. Tafiti nyingi za nguvukazi hupanga kazi kwa kufuata mfumo wa kimataifa wa Shirika la Kazi Duniani unaofahamika kama ISCO-08, uliopitishwa Desemba 2007. Katika mfumo huo mtaalamu wa usalama wa kompyuta hana kundi lake. Amewekwa katika kundi namba 2529, la wataalamu wa hifadhidata na mitandao ambao hawakutajwa kwingineko. Mhandisi wa wingu hayumo kabisa kwa jina, kwa kuwa mfumo ulipitishwa mwaka mmoja tu baada ya huduma zenyewe kuanza. Kazi inayotajwa katika hotuba nyingi za maendeleo imehifadhiwa katika sanduku la masazo.

Pengo hilo hujazwa na takwimu za mashirika yenye maslahi. Shirika la ISC2, linalotoa vyeti vya usalama wa mtandao, lilikadiria mwaka 2023 kwamba dunia ilikuwa na wafanyakazi wa fani hiyo wapatao milioni 5.5 na upungufu wa milioni 4. Namba hizi hunukuliwa sana, mara nyingi kana kwamba kuna viti milioni 4 vilivyo wazi vinavyosubiri watu. Upungufu huo ni makisio ya watu wanaohitajika ili taasisi ziwe salama, na hitaji lisilo na fungu la bajeti halitoi tangazo la kazi. Kijana wa Kimironko anayeambiwa ajiunge na kozi kwa sababu dunia ina nafasi milioni 4 anadanganywa, hata kama msemaji ana nia njema.

Vyanzo bora zaidi vipo, ila havijatumiwa. Usajili wa wachakataji wa data chini ya sheria ya 2021 unaweza kuonyesha ni taasisi ngapi zina wajibu wa kuwa na afisa na ngapi zimemteua. Orodha za stadi adimu zinazotumiwa na idara ya uhamiaji katika kutoa vibali vya kazi zinaonyesha serikali inakiri kukosa nini. Leseni na masharti yake zinaonyesha mengine. Nyaraka hizi hazikuandikwa kwa ajili ya historia ya ajira, na ndiyo maana zinaaminika kuliko takwimu zilizoandikwa ili kunukuliwa.

6.0 Miaka mitano

Haitakuwa haki kusema kwamba elimu ililala. Carnegie Mellon ilianza kufundisha Kigali mwaka 2012 katika ngazi ya uzamili. Januari 2019 Rwanda Coding Academy ilifunguliwa wilayani Nyabihu, kaskazini-magharibi ya nchi, ikiwa na wanafunzi 60 wa sekondari ya juu waliochaguliwa kwa ufaulu. Usalama wa mtandao ulikuwa mojawapo ya nguzo za mafunzo yake. Wa kwanza walimaliza mwaka 2022. Kwa namba ni wachache, lakini hakuna nchi nyingi barani zilizoamua kuanzia chini kiasi hicho.

Tatizo linaanzia mlangoni. Matangazo ya nafasi za usalama wa mtandao hutaja vyeti vya kimataifa, na kinachotajwa mara nyingi kwa nafasi za juu ni CISSP. Mtihani wake hugharimu dola 749 za Marekani, ukilinganishwa na dola 150 za mtihani wa kati wa usanifu wa wingu wa Amazon. Fedha hizo ni nyingi kwa anayepanga chumba Kimironko, ingawa si kizuizi kikubwa kuliko vyote. Wafadhili wanaweza kulipa ada, na baadhi hulipa. Kisicholipika ni sharti la pili: cheti hutolewa kwa mtu mwenye miaka 5 ya kazi ya malipo katika fani yenyewe. Shahada ya kwanza hupunguza mwaka mmoja. Anayefaulu mtihani bila uzoefu huandikwa mshirika tu, akapewa miaka 6 ya kuutafuta.

Uzoefu huo hupatikana kwa mwajiri, na waajiri wenye uwezo wa kuutoa ni wale wale ambao kanuni zimewabana: mabenki, kampuni za simu, taasisi za serikali. Kanuni za sasa zinawauliza kama wana mpango wa usalama, kama wana afisa, kama data ziko nchini. Haziwaulizi afisa huyo ana wasaidizi wangapi walio mwaka wao wa kwanza, wala nani atashika nafasi yake akiajiriwa Nairobi au Dubai, jambo ambalo kwa mtu mwenye CISSP ni suala la lini. Mdhibiti aliyeweza kutoza faranga bilioni 7 kwa ajili ya mahali pa seva ana uwezo wa kisheria wa kuuliza maswali hayo katika fomu ile ile ya ukaguzi wa mwaka, na kuyafanya majibu kuwa sehemu ya masharti ya leseni. Gharama ya mwanagenzi mmoja kwa benki ni ndogo kuliko gharama ya kumwajiri mtaalamu kutoka nje baada ya uvujaji.

Hesabu ya muda inaweza kufanywa kwa vidole. Mhitimu wa Nyabihu wa mwaka 2022 aliyebahatika kupata kazi ya usalama mara tu baada ya kumaliza, bila kupitia chuo kikuu, anatimiza miaka 5 mwaka 2027. Mwenzake aliyekwenda chuo kwa miaka 4 kwanza, akapunguziwa mwaka mmoja, anatimiza sharti mwaka 2030. Sheria ya data ilianza kudai maafisa wake kikamilifu Oktoba 2023.